Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Bei ya kilo hiyo hupangwa wapi?

Swali hili hutufikia kila msimu wa bonasi, kutoka kwa wasikilizaji wa Kericho, Bomet, Nyeri na Murang'a nchini Kenya, na kutoka Mufindi, Njombe na Rungwe nchini Tanzania: kama bei ya chai dukani inapanda, mbona malipo ya kuchuma kilo moja ya majani yanasonga kwa shida? Wengine huuliza kwa hasira, wakiamini kuna mtu mmoja aliyekalia pesa yao. Wengine wamechoka kuuliza, wanasema kampuni ndivyo zilivyo.

Katika makala haya tunalifuata jani la chai kutoka kapuni hadi dukani, hatua kwa hatua. Kila hatua tunauliza mambo mawili: hapa nani anashindana na nani, na ushindani huo unamgusaje mtu mwenye kapu mgongoni? Ukishajua kampuni inashindana wapi, utaelewa kwa nini inawalipa watu wake inavyowalipa. Utajua pia swali lako ulipeleke kwa nani.

Jani halisubiri

Mchumaji mzuri huchuma majani mawili na kichipukizi chake. Jani likishakatwa huanza kubadilika. Likishindiliwa kwenye gunia na kukaa, hupata joto, hugeuka jekundu, na kiwanda hulikataa. Ndiyo maana majani hupelekwa kiwandani siku ileile.

Hapa tayari kuna jambo kubwa. Mwenye mahindi anaweza kuweka magunia yake ghalani akasubiri bei ipande. Mwenye chai hawezi. Jani la leo lazima liuzwe leo, kwa bei iliyopo leo. Anayeuza kitu kinachoharibika haraka huwa na nguvu ndogo mbele ya mnunuzi.

Kiwandani majani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yapate rangi, hukaushwa, kisha huchekechwa na kugawanywa kwa madaraja. Kwa wastani, kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Shika namba hiyo, tutairudia.

Mombasa, mahali bei inapozaliwa

Chai nyingi ya ukanda wetu huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, unaoendeshwa na Chama cha Wafanyabiashara wa Chai wa Afrika Mashariki, EATTA. Mnada ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Tangu mwaka 1992 chai huuzwa kwa dola ya Marekani. Zamani wanunuzi walikaa ukumbini wakipandishiana bei kwa sauti. Tangu mwaka 2020, wakati wa korona, wanashindana kupitia kompyuta.

Mnada hufanyika kila wiki. Kiwanda humkabidhi dalali chai yake. Dalali hupeleka sampuli kwa wanunuzi, waonjaji huionja na kuipima kwa rangi, nguvu na harufu. Siku ya mnada ikifika, anayetaja bei ya juu ndiye anayechukua. Chai ya Kenya ndiyo nyingi zaidi, lakini iko sokoni pamoja na ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na nchi nyingine. Tanzania nayo ilianza kuendesha mnada wake Dar es Salaam mwezi Novemba 2023. Miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya ni Pakistan, Misri na Uingereza.

Kwenye mnada huo kiwanda hakijipangii bei. Kikisema chai yangu ni dola 4 kwa kilo, na ya kiwanda cha jirani yenye ladha ileile inapatikana kwa dola 2 na nusu, mnunuzi atachukua ya jirani. Chai ikishawekwa kwenye mifuko mikubwa bila jina la mkulima wala la kijiji, hufanana na nyingine yoyote ya daraja lake.

Kenya ilijaribu kulitatua hilo kwa amri. Julai 2021 serikali iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya viwanda vya wakulima wadogo. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Chai nzuri iliendelea kununuliwa, lakini kwa ile ya kawaida baadhi ya wanunuzi waligeukia kwingine, na mzigo usiouzwa ukarundikana kwenye maghala ya Mombasa. Baadaye bei hiyo ya chini iliondolewa. Amri inaweza kumzuia muuzaji kushusha bei. Haiwezi kumlazimisha mnunuzi kununua.

Kuna na jambo la dola. Tuseme kilo moja inauzwa dola 2.40. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya, hivyo kilo hiyo ilileta shilingi 384. Baadaye mwaka huohuo shilingi ilipata nguvu, dola ikashuka hadi karibu 130. Kilo ileile, kwa bei ileile ya dola, sasa inaleta shilingi 312. Kwa mkulima, shilingi 72 zimeondoka bila bei ya chai kubadilika hata senti moja. Kwa hiyo ukisikia bonasi imeshuka, usikimbilie kusema imeibwa kabla ya kuuliza chai iliuzwa lini, na dola ilikuwa shilingi ngapi siku hiyo.

Njia mbili za kushindana

Kama kampuni haijipangii bei, inapataje faida kuliko mwenzake? Iko njia ya gharama na iko njia ya ubora.

Ya kwanza ni kupunguza gharama. Kampuni mbili zinauza chai kwa bei moja, lakini moja inatumia pesa kidogo kuizalisha. Hiyo ndiyo itakayosimama mwaka bei ikianguka. Gharama za shamba la chai ni pamoja na mbolea, kuni au mafuta ya kukaushia, umeme, magari na mishahara. Bei ya mbolea na umeme meneja hawezi kuibadilisha. Mshahara anaweza kuugusa, na kuchuma ndiyo kazi inayohitaji mikono mingi kuliko zote. Basi bei ya mnada ikishuka, jicho la kwanza la meneja huenda kwa mchumaji.

Ya pili ni ubora. Siku ileile ya mnada, chai ya kiwanda kimoja hupata bei nzuri kuliko ya kingine. Nchini Kenya jambo hili linajulikana sana: viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa kwa kawaida hupata bei ya juu kuliko vya magharibi, na ndiyo maana bonasi ya mkulima wa Nyeri huweza kupita mbali ile ya mkulima wa Bomet. Udongo na hali ya hewa vina sehemu yake, lakini uchumaji nao una yake. Majani mawili na kichipukizi hutoa chai moja; majani manne magumu yenye kijiti hutoa nyingine.

Kila kampuni huchanganya njia hizi mbili kwa kiasi chake. Jinsi inavyomlipa mchumaji itakuonyesha imeegemea ipi.

Kwa nini kilo na si siku

Mwajiri anaweza kumlipa mtu kwa siku au kwa kazi aliyoifanya. Akimlipa kwa siku, anahitaji kumtazama asije akakaa chini ya mti. Shamba la chai ni pana, na mtu akiinama katikati ya michai haonekani. Kumlipa kwa kilo kunamwondolea mwajiri mzigo huo: mzani ndio unaosimamia.

Malipo ya kilo yana faida hata kwa mchumaji. Mwenye mikono myepesi hupata zaidi ya mwenzake, na akimaliza mapema anaweza kurudi kwake kushughulikia mambo mengine. Wapo wachumaji wanaoupenda mfumo huu, nasi hatuwezi kusema wamekosea.

Lakini angalia hatari imehamia kwa nani. Mvua ikichelewa, michai haichipui vizuri. Mchumaji atatembea mistari ileile, kwa saa zilezile, arudi na nusu ya kapu. Katika mshahara wa mwezi, hasara ya kiangazi ni ya kampuni. Katika malipo ya kilo, kiangazi ni cha mchumaji. Hali kadhalika siku akiumwa, na siku aliyonyonyesha asiweze kuamka saa kumi na moja.

Tena kilo hujua uzito tu, haijui ubora. Mtu anayelipwa kwa uzito atakuwa na hamu ya kuchuma na lile jani la tatu, kwa sababu nalo lina uzito. Kampuni inataka majani mawili. Malipo yake yanasema leta mengi. Ili kuziba pengo hilo inamweka mkaguzi wa kufungua kapu na kukataa majani mabaya. Basi ule usimamizi uliotolewa kwa mlango wa mbele umerudi kwa mlango wa nyuma, na mara nyingi gharama yake hulipwa na mchumaji ambaye kapu lake limemwagwa.

Hesabu ya mzani

Hapa tufanye hesabu. Bei tunazotumia ni za mfano tu. Weka za kwenu.

Tuseme mnalipwa shilingi 10 kwa kilo. Mchumaji anapima mara tatu kwa siku, na kila anapopima, mtu wa mzani anatoa kilo 2 za uzito wa gunia na umande. Gunia tupu lina uzito wake, na majani ya asubuhi yana maji, hivyo kutoa kitu fulani kuna sababu. Lakini kilo 2 mara tatu ni kilo 6 kwa siku, yaani shilingi 60. Kwa siku 25 za kazi ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Kama gunia na umande kwa kweli ni kilo 1, basi shilingi 750 kati ya hizo ni jasho lako lililokunywewa na mzani.

Sasa tazama upande wa kampuni. Kwenye shamba lenye wachumaji 1,000, hizo shilingi 750 ni shilingi 750,000 kwa mwezi, majani ambayo kiwanda kimeyapata na hakikuyalipia. Hatusemi kila kampuni hufanya hivyo. Tunasema kilo moja kwenye mzani, ambayo kwa mtu mmoja ni kitu kidogo, kwa jumla ni pesa nyingi, na mtu anayebanwa na ushindani wa gharama huiona.

Dawa yake haihitaji ghasia. Mashamba na vituo vingi siku hizi vina mizani ya kidijitali inayotoa karatasi au kuandika kilo kwenye kadi. Soma namba wewe mwenyewe kabla gunia halijashushwa. Andika kwenye daftari au kwenye simu. Siku moja mpime gunia tupu mbele ya watu wote. Mwisho wa mwezi linganisha daftari lako na karatasi ya mshahara.

Nyapara na mamlaka yake

Kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi haiongozwi na meneja peke yake. Kuna nyapara, au msimamizi kama anavyoitwa sasa, na huyo ndiye sura ya kampuni kwa mchumaji. Yeye humpangia mtu sehemu ya kuchuma: kuna mistari iliyochipua vizuri na kuna iliyochoka. Yeye hushauri nani aitwe tena msimu ukianza. Yeye hukubali au hukataa kapu.

Mchumaji anapolipwa kwa kilo, mtu anayempangia sehemu ya kuchuma ameshika mshahara wake mkononi. Mamlaka hayo yakiwa hayana wa kuyaangalia, huzaa maovu. Februari 2023 uchunguzi wa BBC ulirusha sauti za wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho, wakisema walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Wengi walisema waliogopa kukosa kazi. Kulikuwa na wasimamizi waliosimamishwa, na baadhi ya wanunuzi wa ng'ambo walidai maelezo.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu mara nyingi huelezwa kama tabia mbaya ya mtu mmoja mmoja. Tabia mbaya ipo. Lakini mtu mbaya huhitaji nafasi, na nafasi hiyo hutokana na jinsi kazi ilivyopangwa: mtu mmoja anaamua nani apate kazi, wapi, na kilo ngapi zikubaliwe, na malalamiko dhidi yake yanapitia kwake. Mahali ambapo mistari hugawanywa kwa zamu iliyobandikwa ukutani, na malalamiko hupelekwa kwa mtu asiye chini ya nyapara, mwovu hubanwa.

Mashine ilipoingia

Njia ya gharama ikifuatwa hadi mwisho wake, humfikia mashine. Mashine za kuchumia chai, nyingine za kubebwa na watu wawili kama mkasi mkubwa, hukata kwa saa moja kiasi ambacho wachumaji wengi wangekichuma kwa siku. Jani lake huwa na vijiti zaidi, kwa hiyo ubora hushuka kidogo. Lakini kama chai yako inakwenda kuchanganywa na nyingine na kutiwa kwenye vifuko, kushuka huko huenda kusikupunguzie bei sana, huku gharama ikianguka sana.

Wafanyakazi wa Kenya wameipinga mashine kwa miaka mingi. Oktoba 2010 chama chao cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo, KPAWU, kiliitisha mgomo kwa sababu yake. Mei 2023 mashine zilichomwa moto huko Kericho wakati wa maandamano. Kampuni nazo husema kwamba bila mashine haziwezi kushindana na nchi ambako kuchuma ni rahisi zaidi.

Pande zote mbili zina hesabu zake. Linalosahaulika ni kwamba faida ya mashine inaweza kugawanywa. Kuna maswali ya kuuliza kabla mashine haijaingia: nani atafundishwa kuiendesha? Wanawake, ambao ni wengi kwenye kuchuma, watapewa nafasi hiyo au itakuwa kazi ya vijana wa kiume peke yao? Wanaoondoka watalipwa nini kwa miaka waliyotumikia? Anayebaki atalipwa kwa kilo ileile wakati sasa anachuma mara kadhaa zaidi? Mambo hayo hujadiliwa kwenye mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, ambao Tanzania wengi huuita mkataba wa hali bora. Mashine ikishafika shambani bila mkataba, nguvu ya kujadili imepungua.

Mkulima mdogo naye ni mwajiri

Hadi hapa tumesema kampuni kubwa. Lakini nchini Kenya wakulima zaidi ya 600,000 huuza majani kupitia viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika lililoanza mwaka 1964 na kugeuzwa kampuni mwaka 2000. Wakulima ndio wenye hisa za viwanda hivyo. Hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo kila mwezi, kisha bonasi baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwezi Juni.

Mkulima huyu naye ana mchumaji. Mzee mwenye ekari mbili, ambaye wanawe wako Nairobi, huita kijana au mama wa kijijini amchumie, naye humlipa kwa kilo. Malipo ya mwezi yakiwa madogo, sehemu kubwa humalizwa na uchumaji, na mkulima hubaki akisubiri bonasi. Bonasi ikija, ni yake peke yake. Mchumaji aliyeamka alfajiri mwaka mzima husikia habari zake redioni kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo hesabu inayombana mkulima mbele ya kiwanda ndiyo inayombana mchumaji mbele ya mkulima. Mkulima anayelalamikia mzani wa kituo cha kununulia, ajiulize kuhusu mzani wake mwenyewe. Na kwa kuwa bonasi hutegemea ubora wa majani ya mwaka mzima, mkulima anayemwahidi mchumaji wake sehemu ndogo ya bonasi, kwa sharti la majani mawili na kichipukizi, anafanya biashara, hatoi sadaka. Anakuwa amelipa ubora pamoja na uzito.

Faida kubwa hukaa wapi?

Turudi kwenye swali la mwanzo: mbona dukani bei inapanda?

Nenda dukani na simu yako. Kifuko kimoja cha chai kina gramu 2 hivi. Kwa hiyo kilo moja ya chai kavu hutoa vifuko 500. Boksi la vifuko 100 lina gramu 200. Chukua bei yake, zidisha mara tano, umepata bei ya kilo moja dukani. Ilinganishe na bei ya mnada wa wiki hiyo. Kisha piga hesabu ya mchumaji: kilo nne na nusu za majani, mara bei mnayolipwa. Kwa mfano wetu wa shilingi 10, ni shilingi 45 kwa kilo nzima ya chai kavu.

Pengo kati ya mnada na duka halikuingia mfukoni mwa mtu mmoja. Ndani yake kuna meli, bima, kuchanganya, karatasi, boksi, kodi, faida ya muuza duka, na matangazo. Lakini kuna na kitu kimoja ambacho mwenye shamba hana: jina. Mnunuzi wa London au Karachi haombi chai ya kiwanda fulani cha Bomet. Anaomba jina lililo kwenye boksi. Mwenye jina anaweza kupandisha bei kidogo na wateja wake wakabaki. Mwenye shamba akipandisha bei kidogo tu, mnunuzi amekwenda kwa jirani.

Kampuni zenyewe zinalijua hilo. Unilever, iliyoingia kwenye mashamba ya Kericho kwa kuinunua Brooke Bond mwaka 1984, iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya chai mwaka 2022. Mnunuzi alikuwa CVC, mfuko wa uwekezaji, kwa bei iliyotangazwa ya yuro bilioni 4.5. Kampuni hiyo mpya, ambayo sasa inaitwa Lipton Teas and Infusions, ilitangaza mwaka 2024 kwamba inayauza mashamba yake ya Kenya, Tanzania na Rwanda kwa Browns ya Sri Lanka. Majina ya chai haikuyauza. Katika mambo mawili, shamba lenye wafanyakazi wengi na jina lililoandikwa kwenye boksi, ilichagua kubaki na jina.

Hapo utaelewa kwa nini Kenya, ambayo huuza nje chai nyeusi kuliko nchi nyingine yoyote, inahimizwa kila mwaka iongeze chai iliyofungashwa hapa nyumbani na kwa majina ya hapa. Ni kazi ndefu na yenye gharama. Lakini bila hiyo, viwanda vitaendelea kushindana kwa gharama, na gharama iliyo karibu zaidi itaendelea kuwa mchumaji.

Sheria inakupa nini leo

Wakati hayo makubwa yakisubiriwa, yapo unayoweza kuyashika sasa.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe. Mfanyakazi apewe karatasi ya mshahara inayoonyesha alichopata na kilichokatwa, na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama hakuna aliyempa barua. Mwajiri anapaswa kukupa nyumba ya kufaa au posho ya nyumba. Kima cha chini cha mshahara wa kilimo kwa mfanyakazi asiye na ujuzi maalumu kilipandishwa kwa asilimia 6 mwaka 2024, kikafika karibu shilingi 8,000 kwa mwezi. Malipo ya mikataba ya vyama mara nyingi huwa juu ya hapo, kwa hiyo ulizia mkataba wenu unasemaje.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki na si zaidi ya 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kima cha chini cha kila sekta hutangazwa na Waziri kwa Amri ya Mishahara, na kilimo kina chake. Ukiachishwa kazi na unaona umeonewa, peleka shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Kwa migogoro mingine, muda ni siku 60. Wengi hupoteza haki yao kwa kuchelewa tu.

Maswali ya kupeleka kwenye mkutano

Mkutano ujao wa chama, wa kiwanda au wa wakulima ukifika, haya ndiyo maswali tunayoona yanafaa. Yanakili kwenye simu yako, na umsomee mwenzako asiye nayo.

Chai yetu iliuzwa kwa dola ngapi, tarehe gani, na dola ilikuwa shilingi ngapi?

Kiwanda cha jirani kilipata ngapi siku hiyohiyo? Kama kilitupita, kilitupita kwa ubora au kwa kitu kingine?

Kilo ngapi hutolewa kwenye mzani, kwa sababu gani, na nani alipima gunia tupu?

Nani anapanga mistari ya kuchuma, na mtu akionewa na msimamizi anamwendea nani asiyekuwa msimamizi huyo?

Mwezi wa kiangazi, mchumaji ana kiwango gani ambacho malipo yake hayawezi kushuka chini yake?

Na kama mashine zinakuja: zinakuja lini, ngapi, na mkataba unasema nini?

Meneja mwenye hesabu safi hatachukia maswali haya. Na kama hakuna wa kuyajibu, mpelekeeni kwa maandishi ofisa wa kazi wa kaunti au wilaya yenu. Barua iwe na tarehe, na mbaki na nakala.